Kadi ya Kijani Niliyompa Jirani

Mimi nilifika darasa la tatu huko Machakos, na hata hilo la tatu sikulimaliza, kwa hivyo mtu akiona nimeandika vibaya asishangae. Kazi yangu ni kushona. Ukishuka stendi ya 56 hapa Kawangware, Nairobi, unaingia ndani kidogo, unapita wauza misumari na mabati, unapita saluni mbili zinazoshindana kwa muziki, halafu kuna kibaraza na mashine ya kukanyaga. Hapo ndipo mimi niko. Natia zipu, nakata suruali ndefu, natengeneza sweta za shule zilizoisha viwiko. Nguo mpya watu hawashoni tena, wananunua mitumba.

Nataka kuandika vile niliingia kwa utafiti wa watu wenye mawazo mengi, na vile niliuharibu. Sikuuharibu kwa ubaya.

Lakini kwanza niseme kidogo kuhusu watu wa risachi, yaani hao wa utafiti, kwa sababu mimi nawajua. Kabla ya Kawangware nilikaa Kibera miaka mingi, na Kibera watu wa risachi wanapita kama wauza sukuma wiki. Nimeulizwa kuhusu maji, kuhusu choo, kuhusu mbu, kuhusu moshi wa jiko. Kijana mmoja aliniuliza nanawa mikono mara ngapi kwa siku, na mifereji ilikuwa imekauka siku ya tatu, na yeye mwenyewe alikuwa ameona mitungi imelala. Nikamwambia mara kumi. Akaandika. Mume wangu akiona mtu amebeba mkoba na karatasi alikuwa anaingia nyuma ya pazia na kuniachia. Alikuwa mtu mgumu. Nasema ukweli kwa sababu ameshakufa na hawezi kukasirika tena: alipokufa sikulia sana. Tulimzika nyumbani, nikarudi, nyumba yetu ya Kibera ikabomolewa barabara ilipopita, nikahamia huku na mashine yangu, nikaendelea.

Ilikuwa kama miaka mitatu baadaye ndipo kitu kikaanza. Si kulia. Mtu angeleta suruali Jumatatu, aje Ijumaa aikute vile alivyoileta, na mimi niko hapo hapo nimekaa, na siwezi kumwambia nilikuwa nafanya nini. Wateja wengine walienda kwa fundi mwingine. Sikujali, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe, kwamba sikujali.

Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa na yake. Yeye ni wa Magharibi, umri wa binti yangu, anafua nguo kwa nyumba za watu kule mtaa wa Satellite. Mwaka huo alijifungua mtoto ambaye hakuishi hata wiki. Bwana yake alikuwa kwa kazi ya mjengo Nakuru, akaja, wakazika, akarudi Nakuru. Baada ya hapo huyu mama aliacha kufungua dirisha. Mimi nilikuwa nikisikia kupitia ukuta wa mabati kwamba yuko ndani, siku nzima, hata siku za kazi. Siku nyingine nilikuwa nikigonga ukuta na mkasi ili nisikie kama atajibu, na alikuwa akijibu kwa kugonga mara moja.

Basi mhudumu wa afya wa mtaa wetu akaja na msichana mwenye tableti. Wakazunguka mlango kwa mlango. Neno lililokuwa kwenye tableti la huo ugonjwa hakuna aliyelijua kwa ploti yetu, hivi vyumba vyetu vya kupanga, mpaka msichana akaliacha, akasema tu, "Ni ile kufikiria sana mpaka mtu anashindwa na maisha." Hapo wanawake wote wakamwelewa. Akatuuliza maswali, mtu mmoja mmoja, ndani ya nyumba. Kwa wiki mbili zilizopita, umekosa usingizi? Umekosa hamu ya chakula? Umejiona wewe si kitu? Kila swali unachagua: hata siku moja, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku. Mimi na jirani tuliandikwa wote wawili.

Tukaitwa kwenye ukumbi wa kanisa moja hapo Kawangware. Wakatueleza vizuri, siwezi kusema hawakueleza. Kuna kikundi cha kuongea kila Alhamisi, na kina mama anayekiongoza. Wengine wataanza sasa, wengine watangoja mpaka mwaka ujao, na katikati watapigiwa simu kuulizwa maswali yale yale, ili ijulikane kama kuongea kunasaidia au ni muda tu unaopita. Nani anaanza na nani anangoja, hakuna anayechagua, ni bahasha. Nilitia kidole kwenye karatasi. Nikachukua bahasha, nikatoa kadi ya kijani yenye nambari. Jirani yangu akatoa ya njano. Kijani ni kuanza, njano ni kungoja.

Hapa lazima nieleze chama, maana bila chama mtu hawezi kuelewa tulichofanya. Sisi wanawake wa ploti tuko na chama: kila mwezi tunachanga pesa, na mmoja anazichukua zote. Mwanzo wa mwaka tunaokota vikaratasi ili kujua zamu ya nani itakuwa lini. Ukiokota mwanzo ni bahati yako. Lakini ikifika zamu yako na mwenzako amefiwa, au mtoto wake amelazwa, mnabadilishana. Hamwiti mkutano, hamwandiki barua. Unampa kikaratasi chako, anakupa chake, basi. Mtu anayekataa kubadilisha tunamwonyesha kwa macho kwamba tumemjua. Mimi nimekaa kwa vyama tangu Kibera na sijawahi kuona mtu akiokota zamu halafu hiyo zamu ikawa kama sheria ya kanisa.

Kwa hivyo tulipotoka pale ukumbini, jirani alikuwa anatembea mbele yangu, na slipa zake hakuwa akiziinua, alikuwa anaziburuta. Nikamwita. Nikamwambia, "Lete hiyo yako."

"Ya nini, mathe?" Ananiita mathe kama mama yake.

"Lete."

Akanipa ya njano nikampa ya kijani. Akaiangalia. Akasema, "Wewe pia uliandikwa. Hukuandikwa bure."

"Mimi nimezeeka, nimezoea kungoja."

Hakukataa tena. Na hivyo Alhamisi iliyofuata alienda kwenye kikundi na nambari yangu. Kule kikundini hawakutumia majina kwenye daftari, ili mtu asionekane, na mama aliyeongoza hakuwa mmoja wa wale waliotuandika. Aliangalia kadi, akaona ni kijani, akasema karibu.

Simu ya kwanza ilikuja baada ya wiki mbili. Ilikuja kwangu, kwa sababu kule ukumbini nambari ya kadi ya kijani iliandikwa pamoja na nambari ya simu yangu. Alikuwa msichana mwingine, sauti changa, anapiga kutoka ofisi yao ya Kibera. "Sasa shosho, uko poa?" Nikasema bibi yake yuko poa. Akaniambia simu inarekodiwa, nisiogope. Halafu akaanza: kwa wiki mbili zilizopita, umekosa usingizi?

Nikaacha kukanyaga mashine. Kwa sababu nilikuwa nimekosa usingizi. Lakini nikafikiri, hawa wanataka kujua kama kikundi kinasaidia. Anayeenda kikundi si mimi. Nikiwaambia juu ya usingizi wangu nitakuwa nimewadanganya, wataandika kikundi hakifanyi kazi na kumbe mtu hajakanyaga huko. Nikaona jibu la haki ni la jirani. Kumpelekea simu sikuweza, alikuwa Satellite anafua, na tena simu inarekodiwa, sauti mbili kwa nambari moja zingetuuza. Basi nikajibu vile nilivyojua: kwamba analala kidogo siku hizi, kwamba bado hali chakula vizuri. Nilisema "nalala," "sili," lakini nilikuwa nasema yeye.

Jioni nikamwambia. Akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza nasikia akicheka tangu mtoto. "Na mimi walinipigia ya njano, nikiwa kwa karai," akasema. "Mkono umejaa omo. Nikaona, hii ni ya mathe. Nikawaambia yako."

"Ulisema nini?"

"Nilisema vile nimekuona."

"Sema niko sawa."

"Haya."

Baada ya hapo tukapanga vizuri, tusiwe tunabahatisha. Simu ilikuwa inakuja kila wiki ya pili, siku ya Jumatatu. Kwa hivyo Jumapili tukitoka kanisani, yeye lake mimi langu, nilikuwa naenda kukaa kwake kwenye kitanda, namuuliza maswali yote tisa, na yeye ananijibu, na mimi nakariri. Sikuweza kuandika haraka, kwa hivyo nilifunga mafundo kwenye kamba, fundo moja siku kadhaa, mafundo mawili zaidi ya nusu. Alikuwa ananitania. "Mathe, hata daktari hana kamba kama hiyo." Halafu ikifika zamu yake ya kuniuliza, nilikuwa nasema niko sawa, niko sawa, niko sawa, mpaka tisa. Alikuwa hanibishii. Ananiangalia tu.

Na lazima niseme kikundi kilikuwa kinamsaidia. Mimi sikuwa ndani, lakini niliona mambo ya nje. Alifungua dirisha. Alianza kuchana nywele. Alhamisi alikuwa akirudi ananisimulia, bila majina ya watu kwa sababu waliapa, kwamba mmoja alisema hivi na mwingine akasema hata mimi. Walipewa kazi ya kufanya nyumbani, kitu kimoja kidogo kwa siku, hata kama ni kuosha kikombe. Siku moja aliosha sufuria zake zote akaziweka nje kwa jua na mtu akafikiria anahama. Rafiki yake mmoja alimuuliza kwa nini haendi tu kwa maombi, akamjibu, "Huko maombini naambiwa ninyamaze nishukuru. Hapa naambiwa niongee."

Mimi nilijua hii kitu ikijulikana watamtoa. Hiyo ndiyo ilikuwa hofu yangu, si nyingine. Wangesema wewe ni wa njano, rudi ungoje mwaka ujao. Na nilikuwa nimemwona kabla, na sikutaka kumwona hivyo tena miezi yote hiyo.

Halafu ikaja ile Jumapili. Bwana yake alikuwa ametuma ujumbe kwamba hatakuja Krismasi, na tena ilikuwa karibu na siku ambayo yule mtoto angekuwa anatimiza mwaka. Nikamuuliza maswali kama kawaida, tukafika la tisa. La tisa linauliza kama umewahi kuona ni afadhali ungekuwa umekufa. Kila mara alikuwa anajibu hata siku moja, haraka haraka, hata kabla sijamaliza. Siku hiyo alikaa. Alikuwa anachomoa uzi kwenye blanketi, mmoja mmoja.

"Siku mbili," akasema.

Nikaweka fundo. Nikamuuliza kama anataka kusema zaidi, akasema la, ni siku mbili tu, zimepita, niache. Nikamwacha. Nikalala vibaya, lakini hiyo haikuwa kitu kipya.

Jumatatu simu ikalia. Msichana akauliza moja mpaka nane, nikajibu kulingana na kamba. Akauliza la tisa. Mimi nilikuwa nimefikiria toka alfajiri niseme nini. Nikisema hata siku moja, hatajua mtu, jirani atabaki kwa kikundi chake, na sisi wawili tutaendelea na kamba yetu. Nikisema kweli, sijui kitakachofanyika. Lakini kusema uongo juu ya hiyo nilishindwa. Nikasema, "Siku kadhaa."

Sauti yake ikabadilika. Ikawa ya mtu mzima. "Shosho, uko peke yako sasa hivi?"

"Niko kwa kibaraza."

"Kuna mtu karibu?"

"Wateja."

"Kaa hapo. Usitoke. Tunakuja."

Nikamwambia asijisumbue, akasema si kusumbuka, na hakukata simu. Kwa dakika nyingi alikuwa ananiuliza kitu kimoja kimoja, ninashona nini, kitambaa ni rangi gani. Halafu wakafika, yeye na muuguzi, wamepanda pikipiki mbili kutoka Kibera. Yule msichana alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Muuguzi akakaa kwenye benchi ya wateja, akanishika mkono, akaanza kuongea na mimi polepole sana, vile watu wanaongea na mtu aliye juu ya ngazi. Na mimi nilikuwa nafikiri, huyu anashika mkono usio wake. Kila dakika anayokaa hapa yule mwingine yuko Satellite peke yake na karai.

Nikasema, "Si mimi."

"Sio wewe nini, shosho?"

"Hizo siku mbili. Ni za jirani. Kadi nilimpa. Yeye ndiye kijani."

Walitazamana. Msichana akafungua tableti, akaifunga. Muuguzi hakuuliza mengi, hilo namshukuru, akasema tu, "Yuko wapi?" Tukaenda wote watatu. Nilijua nyumba anayofua Jumatatu, kwa sababu ni moja ya mambo niliyokuwa namuuliza, anafua wapi siku gani. Tulimkuta kwa kamba anaanika shuka. Alituona tukiingia geti akajua mara moja. Hakunisalimia.

Muuguzi alikaa naye nyuma ya nyumba karibu saa moja. Mimi na msichana tulimaliza kuanika. Msichana hakujua kuanika, alikuwa anaweka pindo juu ya pindo, nikamwonyesha. Akaniambia, "Shosho, mmenimalizia kazi." Alisema bila hasira, kama mtu anayesoma ubao. Nikamuuliza kama watamfukuza kazi, akasema hapana, lakini wakubwa wataongea.

Jirani alipotoka macho yalikuwa mekundu lakini alikuwa anatembea sawa. Wakapanga muuguzi atamwona kesho yake na kesho kutwa. Alipopita karibu na mimi akasimama.

"Umenichoma, mathe."

"Najua."

"Sasa watanitoa. Hiyo Alhamisi ndiyo siku pekee najua naamkia nini."

Nilirudi nyuma yao.

Siku mbili zilizofuata hakuniongelesha. Muuguzi alikuwa anakuja, anaingia kwake, anatoka, ananipungia mkono. Jumatano alasiri akaja mkubwa wao, mwanamume wa makamo, viatu vimejaa vumbi, na yule msichana wa simu. Alimwita jirani naye aje, wakakaa wao watatu kwenye benchi na mimi kwenye kiti cha mashine. Jirani aliangalia barabarani.

"Mama," akaniambia, "ni nani aliwaambia mnaweza kubadilishana kadi?"

"Hakuna."

"Tulisema hakuna anayechagua."

"Hatukuchagua. Bahasha ilichagua. Halafu ndiyo tukapangana."

Msichana aliangalia kando, niliona anazuia kicheko. Nikamweleza chama kama nilivyoeleza hapa. Alisikiliza, akaandika kwa daftari, kurasa nzima, hata akaniuliza kama mtu anaweza kubadilisha mara mbili. Halafu akanieleza upande wake. Watu wakijihamisha wenyewe, wale walio na hali mbaya watajaa upande mmoja, na mwishowe hakuna atakayejua kilichosaidia ni nini. Si ngumu kuelewa. Ni kama nifue vitambaa viwili kwa sabuni mbili nione kipi kitachuja rangi, halafu mtu anabadilishia njiani. Nikamwambia nimeelewa, na nisamehewe.

"Basi mtamtoa?" nikauliza.

"Kwenye hesabu ya utafiti, nyinyi wote wawili mmetoka. Majibu yenu hatuwezi kuyatumia."

"Naongea juu ya Alhamisi."

Akamgeukia jirani, akamwambia yeye mwenyewe, si mimi. "Alhamisi utaenda kama kawaida. Mtu aliyesema ulichosema hatumrudishi nyuma ya foleni. Na muuguzi ataendelea kukuona." Jirani akaitikia kwa kichwa mara moja. Mikono yake ilikuwa kwenye mapaja, na niliona vidole vimelegea.

Nilidhani yameisha. Lakini mkubwa akauliza, "Na ile ya njano, aliyekuwa anajibu ni wewe?" Jirani akasema ni yeye. Akaniuliza mimi kama ninajua alikuwa anajibu nini. Nikasema najua, alikuwa anasema niko sawa, ndivyo tulivyoelewana. Mkubwa akamwangalia msichana. Msichana akaniuliza kama nataka kusikia. Nikasema asome.

Akasoma polepole. Kula: zaidi ya nusu ya siku anapika anampa paka wa ploti. Kulala: karibu kila siku namsikia anatembea usiku. Kuchoka: karibu kila siku. Kujiona si kitu: anasema mwenyewe amezeeka amezoea kungoja. Ilikuwa hivyo simu zote, kuanzia ya kwanza, na aliyepiga alidhani ni mtu anayeona aibu kujitaja, akaandika tu. Kwenye swali la tisa, kila mara, jibu lilikuwa ni moja. Sijui. Huyo hawezi kusema. Muulizeni wenyewe.

Niliangalia mashine. Kulikuwa na sketi ya shule hapo, pindo nusu. Mkubwa aliniambia Alhamisi kuna nafasi kama nitaitaka, nje ya hesabu, kwa vile tumeshatoka kwenye hesabu. Nikasema nitaona, niko na kazi ya watu. Wakaenda.

Alhamisi, saa nane, jirani alitoka nyumbani kwake amevaa vizuri, leso kichwani. Alipita kibaraza changu, akarudi, akakaa kwenye benchi ya wateja. Hatukuwa tumeongea tangu Jumatatu, zaidi ya mbele ya wale watu.

"Utachelewa," nikamwambia.

"Nitachelewa."

"Hii sketi inatakiwa leo."

"Mwenyewe anaitaka kesho. Nilimsikia."

Nikashona kidogo. Hakuondoka. Alikuwa anaangalia barabara na mkoba wake kwenye magoti, kama mtu aliyelipia kiti. Mwishowe nikakata uzi, nikafunika mashine na gunia, nikamuuliza kule ndani mtu anaanza kwa kusema nini.

"Mimi sijui utasema nini," akajibu, akasimama. "Na huko sitakujibia."